Mtu wa Nchi Kavu Majini

Msomaji, kama umepata kulisikia jina la triathloni, yamkini ulilisikia likitajwa pamoja na habari za Michezo ya Olimpiki, likakupita kama jina la mchezo wa watu wa mbali. Asili ya neno hili ni Kigiriki, na maana yake ni mashindano matatu. Mshindani huogelea kwanza, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia kwa miguu, na saa haisimami tangu anapoingia majini hata anapovuka mstari wa mwisho. Kuvaa viatu kumo katika hesabu, kufunga kofia kumo katika hesabu, na kujikwaa kumo vile vile. Mashindano haya, kwa namna yajulikanavyo sasa, yalianza Mission Bay katika mji wa San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Yaliingia katika Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, kwa masafa ya mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za miguu. Yako pia masafa mafupi, ambayo ni nusu kamili ya hayo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Gold Coast, Australia, mwaka 2018, masafa hayo mafupi ndiyo yaliyotumiwa, na mshindi kwa upande wa wanaume alikuwa Mwafrika, Henri Schoeman wa Afrika Kusini.

Hayo mafupi ndiyo niliyoyashindania mimi. Nakuomba usilipime neno "fupi" kwa rula. Nilipomweleza mama yangu jambo nililokusudia kufanya, hakuniuliza habari za baiskeli wala za mbio. Aliuliza swali moja tu: mita 750 ni kutoka nyumbani kwetu mpaka wapi? Nikamwambia ni kutoka mlangoni petu hata duka la kwanza la sokoni. Akaitazama njia ile kwa muda mrefu, kana kwamba hajapata kuiona, akasema, "Na chini yako hakuna ardhi, mwanangu?" Nikamjibu kuwa iko, lakini mguu hauifikii. Akaendelea kupepeta mbaazi zake.

Kwetu ni Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, ukishapita Masii. Ukipata kuona twiga wa mti, au jozi ya vijiko vyenye mpini wa umbo la pundamilia, katika duka la watalii mjini Nairobi au Mombasa, huenda vitu hivyo vilitoka katika mikono ya watu wetu. Mimi nami hula kwa tezo na patasi. Nalitaja hili kwa sababu litahitajika mbele, maana kazi ya mtu humfuata hata anapokwenda kucheza.

Katika mambo matatu ya triathloni, mawili nchi yetu huyafundisha bila kutoza ada. La kwanza ni kukimbia. Mtoto wa Wamunyu huanza kwenda shule kwa miguu kabla hajajua kusoma saa, na akichelewa hukimbia. Patrick Makau, mzaliwa wa Machakos, alishinda mbio za marathoni za Berlin tarehe 25 Septemba 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, muda ambao siku ile ulikuwa rekodi mpya ya dunia. (Utaona kuwa ni tarehe ile ile ya Mission Bay, sadfa nyingine hupendeza hata kama hazina maana.) Kabla yake Cosmas Ndeti, naye mtu wa Machakos, alishinda marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Mimi si wa daraja lao, wala sitakuwa. Lakini kijana wa kwetu aambiwapo kuwa kilomita 5 ni mbali, hushangaa.

La pili ni baiskeli. Usidhani nasema baiskeli nyembamba ya mashindano. Nasema ile nzito ya chuma, yenye keria pana nyuma, ambayo hufungwa mitungi minne ya plastiki, kila mmoja wa lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi mzigo huo ni kilo 80, sawa na mtu mzima aliyeshiba. Mpandaji huupeleka juu ya mlima wa vumbi, na afikapo mahali pa mteremko hujifunza mambo ya breki ambayo hayamo katika kitabu chochote. Aliyelelewa hivyo akipewa baiskeli isiyo na mzigo huona kama amepewa mbawa.

La tatu ni maji, na hapa ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Pengine utafikiri kuwa mtu wa nchi kavu hayajui maji kwa sababu hayaoni. Sivyo. Sisi tunayajua maji kuliko watu wengi, ila tunayajua kwa kipimo cha mtungi. Tunajua uzito wake begani na bei yake sokoni wakati wa kiangazi. Mito yetu mingi ni mito ya mchanga. Mwaka mwingi hupita ikiwa mikavu juu, na chini yake maji yamelala baina ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Watu huchimba kwa mikono na kata, wakangoja shimo litiririkie, wakateka. Kwa kufuata hekima hiyo hiyo, vikundi vingi vya Ukambani vimejenga kuta za mawe na saruji kukingama mikondo hiyo, ili mchanga ujazane nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji mengi zaidi. Mabwawa hayo ya mchanga ni fahari yetu, na wageni huja kuyatazama. Lakini bwawa la mchanga, msomaji, halifundishi mtu kuogelea. Unaweza kutembea juu yake kwa viatu vya Jumapili. Na Mto Athi, ambao una maji mwaka mzima, una mamba pia, wala sijaona mwalimu wa kuogelea anayekubali kugawana darasa na mamba.

Mto wa mchanga una tabia nyingine. Mvua ikinyesha kwa nguvu katika vilima vya mbali, maji huteremka yote kwa pamoja. Asubuhi mlivuka kwa miguu mikavu. Jioni mnakuta ukuta wa maji mekundu unaonguruma, umebeba magogo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na maji yaendayo kasi hayahitaji kufika kifuani ndipo yamwangushe mtu, magotini hutosha. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, katika Kaunti ya Kitui iliyo jirani yetu, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji, likasukumwa na kuzama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wapo waliookolewa na wapiga mbizi na wasamaria wema, mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni.

Sisemi kuwa aliyejua kuogelea angeokoka siku ile; maji ya namna ile humshinda hata aliyezaliwa baharini, na kinga ya kweli ni kutoingia na kuwa na daraja refu zaidi. Ninasema tu lililonipata mimi. Nilipoziona picha za watu wale ukingoni, wengi, wenye nguvu, wamekunja mikono yao kwa sababu hakuna walichoweza kufanya nayo, nilijua kuwa kama ningalikuwapo ningalisimama vivyo hivyo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mikono inayoweza kupasua gogo, na mbele ya maji yaliyopita kifua nilikuwa sawa na mtoto mchanga. Jambo hilo lilikaa nami. Wengine hujifunza kuogelea ili wakashindane. Mimi nilijiandikisha kushindana ili nisipate udhuru wa kuacha kujifunza.

Watu wa Wamunyu wana desturi ya kufuata ufundi pwani. Husimuliwa kwetu kuwa uchongaji huu tunaoishi kwao uliletwa na Mutisya Munge, aliyechukuliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafika Tanganyika, akawaona mafundi wa huko wakichonga mpingo, akarudi nyumbani na ujuzi wao kichwani. Baada yake Wakamba wengi waliteremka Mombasa na kuweka karakana zao Changamwe, ambako chama cha ushirika cha wachongaji kingali kikifanya kazi. Huko yuko mjomba wangu. Basi nami niliteremka, zaidi ya kilomita 400, nikafanya kazi kwake siku sita za juma, na siku ya saba nikaenda kwenye ufuko wa Bamburi kwa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, ambaye mjomba wangu alimwuzia mtumbwi miaka mingi iliyopita na hawakuacha kusalimiana tangu hapo.

Nilitarajia kuwa siku ya kwanza nitafundishwa kupiga mikono. Mzee alinisimamisha ndani ya maji ya kiunoni, akaniambia niingize uso na kutoa pumzi kwa pua mpaka iishe, kisha niinue kichwa na kuvuta nyingine. Akasema, "Fanya mara mia, mwanangu, halafu twende tukanywe chai." Nikauliza, "Na kuogelea, mzee?" Akajibu kuwa hiyo ndiyo kuogelea, mengine ni mapambo.

Nilikuja kuelewa baadaye sababu ya maneno yake. Mwili wa mtu una uzito unaokaribia sana ule wa maji ya ujazo wake. Mapafu yakiwa na hewa, mtu huelea. Yakiwa matupu, watu wengi huzama, na waliokonda wenye mifupa mizito kama sisi huzama upesi zaidi. Maji ya bahari husaidia kidogo, kwa kuwa chumvi huyafanya mazito kuliko maji ya mto kwa karibu sehemu mbili na nusu katika mia. Basi mtu anayeogopa maji hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huzuia pumzi, na huinua kichwa juu ili aone. Kichwa kikiinuka, miguu hushuka. Miguu ikishuka, mwili husimama wima kama nguzo, na nguzo haiogelei. Pumzi iliyozuiwa nayo hugeuka kuwa sumu kifuani, na mtu hulilia hewa ilhali mapafu yake yamejaa hewa mbovu ambayo hajaitoa. Mzee hakuyajua hayo kwa lugha ya shule, lakini alijua kuwa anayepumua haogopi sana, na asiyeogopa sana huelea.

Ilinichukua majuma saba kuogelea mita 50 bila kusimama. Watoto wa pale, wa miaka minane au tisa, walikuwa wakipita chini yangu na kutokea upande wa pili wakicheka. Nilijiliwaza kwa kumkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, ambaye alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney, katika bwawa dogo la hoteli, na hakuwa amepata kuliona bwawa la mita 50 kabla ya kufika huko. Katika mchujo wa mita 100 wenzake wawili waliondolewa kwa kuondoka kabla ya ishara, akabaki peke yake bwawani mbele ya maelfu ya watu. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa bingwa. Wapo waliocheka. Mimi nadhani waliocheka hawajapata kuwa katikati ya maji na nguvu zimewaishia.

Shindano langu lilikuwa dogo, la watu 52, katika hori ya Kilifi, mwezi wa Oktoba. Waandaaji waliuchagua wakati kwa busara, kwa maana pepo za kusi zilikuwa zimelegea na kaskazi haijaanza, na saa ya kuanza ilipangwa maji yawe yamejaa na kutulia kabla ya kuanza kupwa. Pwani yetu ina tofauti ya zaidi ya mita tatu baina ya kujaa na kupwa siku za bamvua, na katika hori yenye mlango mwembamba maji hayo yote hupita mahali pamoja. Aogeleaye wakati wa mkondo huweza kupiga mikono kwa bidii akajiona bado yuko mbele ya mnazi ule ule.

Tulisimama ndani ya maji ya magotini, saa moja kasorobo asubuhi. Maboya matatu ya rangi ya machungwa yalikuwa yamepangwa kwa umbo la pembe tatu. Filimbi ilipolia, watu wote waliingia kwa pamoja, na hapo nilijifunza jambo ambalo Bamburi haikunifundisha: kuogelea peke yako na kuogelea katikati ya miguu ya watu ni mambo mawili. Nilipigwa kisigino cha shavu. Miwani yangu ya maji ilihama kidogo, ikaingiza chumvi katika jicho la kushoto. Nilihesabu mapigo: matatu, pumua, matatu, pumua. Kila baada ya mapigo tisa niliinua macho kutafuta boya. Hapo kazi yangu ilinisaidia, kwa kuwa mchongaji amezoea kufumba jicho moja na kuona kama mstari umenyooka, nami jicho moja ndilo nililobaki nalo.

Karibu na mita 300 wimbi dogo la mashua liliniingia kinywani wakati wa kuvuta pumzi. Nikakohoa ndani ya maji. Msomaji, sina maneno mazuri ya kukueleza hali ile. Kifua kilifunga. Nikafanya yote niliyokatazwa: nikainua kichwa, miguu ikashuka, nikatafuta ardhi kwa vidole vya miguu na nikakuta baridi tu, ile ya maji ya chini ambayo jua haliyafikii. Swali la mama yangu lilinijia, na nililijibu upya. Ufuko ulikuwa unaonekana, na watu wakitembea juu yake, wakubwa kama punje za mtama. Nikawakumbuka watu wa Enziu.

Mtumbwi wa walinzi ulikuwa mita kumi kutoka nilipokuwa. Sheria za mchezo huu humruhusu mshindani kushika chombo na kupumzika, mradi chombo kisimsogeze mbele. Sikuijua mita kumi kuwa ni mbali hivyo. Nilijigeuza chali, nikaitoa pumzi yote kama nilivyofanya mara mia na mara mia tena, nikavuta nyingine, na bahari ikanibeba. Nikaenda chalichali mpaka mkono ukagonga mti. Mvuvi aliyekaa ndani hakunivuta wala hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Pumua kwanza, ndugu yangu. Hakuna anayekufukuza." Nyuma yangu walikuwapo watu waliokuwa wakinifukuza kwa hakika, lakini ushauri wake ulikuwa mwema, nikautii. Nikautambua mti niliokuwa nimeushika kuwa ni wa mwembe, na ya kuwa ulichongwa na mtu hodari aliyeacha alama za tezo bila kuzificha. Nadhani kuzitazama alama zile ndiko kulikonirudisha katika akili yangu.

"Nikuchukue?" akaniuliza. Ningalisema ndiyo, angaliniinua, na shindano langu lingalikwisha hapo bila aibu yoyote. Nikasema, "La, ahsante, baba." Nikaachilia mkono.

Mita 450 zilizobaki niliziogelea polepole mno. Nilitoka majini nikiwa wa 50 katika watu 52, kwa dakika 24. Bingwa wa siku ile alikuwa amekwisha kupanda baiskeli zamani. Miguu ilipoigusa ardhi nilitaka kuinama niibusu, lakini saa, kama nilivyokwambia, haisimami.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa ufupi, kwa maana yalikuwa kazi na hayakuwa hofu. Katika mahali pa kubadilishia, mshindani hufunga kofia ngumu kichwani kwanza kabla ya kuigusa baiskeli yake. Akiigusa kabla, huadhibiwa. Vidole vyangu vilitetemeka na kifungo kilikataa mara tatu. Baiskeli yangu ilikuwa ya kuazima, nyepesi, na nilipoketi juu yake nilijikuta natazama nyuma nione kama mitungi imefungwa vizuri. Njia ilipita penye minazi na mibuyu, kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, mara mbili. Hapo niliwapita watu watano, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimwamkia, mpaka mwenzangu mmoja aliniomba kwa upole niache salamu kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuitikia.

Kutoka baiskelini kuingia katika mbio ni jambo la ajabu ambalo yakupasa ulijaribu ili uliamini. Kwa dakika 45 miguu imezunguka bila kuubeba mwili, kwa kuwa kiti ndicho kilichoubeba. Ghafla unaiagiza ikubebe tena, nayo hukuuliza wewe ni nani. Hatua zangu za kwanza zilikuwa za mlevi. Baada ya kilomita moja hivi miguu ilikumbuka kuwa ni ya Wamunyu, na kutoka hapo niliwapita watu wanane. Joto lilikuwa limepanda. Kina mama wa kijiji kimoja walisimama na ndoo, wakitumwagia maji vichwani kwa vikombe, bila malipo, maji matamu ya kunywa, na nilipoyaona yakitiririka mchangani nilitaka kuwaambia wasiyapoteze. Tabia haiachi mtu hata mbioni.

Nilimaliza nikiwa wa 37, kwa saa 1 na dakika 41. Nishani ilikuwa ya bati, utepe wake wa buluu, na hupewa kila amalizaye. Nilimtafuta yule mvuvi wa mtumbwi ili nimshukuru, nikaambiwa amekwisha kwenda zake, kwa sababu maji yalikuwa yakipwa na alikuwa na mitego yake ya kutazama.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Desemba, wakati wa mvua. Mpwa wangu, ambaye alikuwa kidato cha kwanza, aliitazama nishani akaipima uzito kwa kiganja, akaona si kitu, akaniuliza habari za maji. Nilimweleza juu ya pumzi. Akasema haelewi. Basi nilikwenda nikaleta beseni kubwa la kufulia, nikalitia lita 15 za maji, nikaliweka juu ya kigoda uani, nikamwambia aingize uso na kutoa pumzi kwa pua mpaka iishe.

Mara ya kwanza alitoka akipiga kelele kama aliyeungua. Mara ya pili alihesabu hadi tatu. Jirani zetu walianza kukusanyika uani, wakubwa kwa wadogo, na watoto wawili wa jirani wakaomba zamu. Mama yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akayatazama mapovu yakipanda kutoka usoni mwa mjukuu wake. Nilidhani atatufukuza. Alikaa kimya mpaka mtoto akafika kumi na mbili, akainuka, maji yakimchuruzika kidevuni, macho wazi.

"Vema," akasema mama. "Mkimaliza yapelekeni kwenye miche ya mipapai. Na asimwage mtu hata tone."